Picha ya Mwizi wa Maharage

"Mama Picha, hivi huyu mtoto anasujudia majani, au kuna kitu kimemdondoka?"

Swali hilo aliwahi kuliuliza fundi cherehani wa mlango wa pili, mchana mmoja, pini mbili zikiwa zimebanwa midomoni mwake. Alikuwa amemwona msichana wa miaka kumi na miwili amepiga magoti kando ya mtaro, paji la uso karibu liguse ardhi, hatikisiki. Mama Picha alicheka mpaka akaegemea mlango wa studio yake. Akamjibu kwamba mtoto hajapoteza kitu, anampiga picha sisimizi. Fundi akatoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye shati, akasogea kuhakikisha. Alipoona ni kweli, akasema amekaa mtaa ule miaka ishirini na hajawahi kumwona sisimizi akija kutafuta picha ya pasipoti.

Msichana huyo walimwita Chiriku, nyumbani hata shuleni, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwa amenyamaza. Mama Picha alikuwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake. Kila siku baada ya masomo Chiriku alipitia studio, maana mama yake alikuwa muuguzi na alirudi jioni. Alifagia, akapangusa kiti cha wateja, akanyoosha pazia la buluu, kisha akawa msaidizi. Alimwambia huyu ainue kidevu, yule alegeze mabega, na wote aliwaambia wasicheke. Hapo ndipo walipocheka.

Kitu alichokipenda kuliko vyote mle ndani kilikaa kwenye droo, kimefungwa kitambaa laini. Ilikuwa lenzi ya zamani ambayo shangazi aliigeuza, mbele ikawa nyuma, akaifunga kwenye kamera kwa pete ya chuma. Lenzi ikigeuzwa hivyo haioni tena kilicho mbali. Huona kilicho karibu tu, tena karibu sana, na kidogo hukifanya kikubwa. Siku ya kwanza alipochungulia humo, Chiriku aliona mguu wa nzi una nywele, akanyamaza dakika nzima. Shangazi alisema siku hiyo iandikwe kwenye kalenda.

Basi, muhula ule maharage ya shule yakaanza kuliwa. Yalikuwa matuta sita nyuma ya madarasa. Darasa la sita ndilo lililolima, likapanda, likapalilia, na mavuno yalikuwa ya chakula cha mchana cha watoto wa darasa la kwanza. Majani yalitoboka kama chekeche. Kila siku yalionekana matundu mapya, na aliyetoboa haonekani. Mtunza bustani, mzee mrefu, mzito wa sauti na mchache wa maneno, alisema kazi hiyo ni ya dawa, yeye atapuliza na mambo yataisha. Mwalimu wa sayansi akamsihi angoje. Alimweleza kwamba dawa ile haichagui, itaua wabaya na wema, na kwamba maharage hayo yataingia matumboni mwa watoto wadogo. Afadhali kwanza wajue ni mdudu gani, wapambane na huyo peke yake.

Mzee akasema, "Mpaka Ijumaa. Mkija bila mwizi, nachanganya dawa yangu."

Jumatatu, Mwalimu alipowaeleza wanafunzi wake wa darasa la sita, akawaambia anataka picha ya mdudu akiwa juu ya jani, katika kazi yake, jinsi alivyokutwa. Hakuwa amemaliza sentensi, mkono wa Chiriku ulikuwa umeshapanda juu. Alisema ana kamera, ana lenzi, ana utaalamu, na mwizi huyo atamleta na sura yake kabla ya Ijumaa, wote wahesabu nywele zake za miguuni. Jirani yake wa dawati alikuwa mvulana waliyemwita Wakili, maana hakukubali jambo lolote bila kuuliza ushahidi uko wapi. Huyo akamwomba Mwalimu aandike tarehe ubaoni, wasije wakasahau. Darasa zima likaangua kicheko. Chiriku akavimba, lakini ahadi ilikuwa imeshatoka kinywani.

Jumatatu hiyohiyo, saa nane mchana, aliingia bustanini na kamera ya shangazi shingoni. Jua lilikuwa kali. Alimwona panzi, akainama, panzi akaruka. Alimwona nzi wa kijani, akakaza macho. Nzi akampigia mbawa akaenda zake. Alizunguka matuta yote sita akipiga huku na huku, mwisho akarudi studio na picha tisini. Shangazi alizifungua kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa ukungu mtupu.

"Huyu ni mdudu, au ni moshi wa jikoni?" shangazi aliuliza.

"Ni panzi, Shangazi."

"Ala. Mpe pole."

Kisha akavuta kiti, akamfundisha. Alimwambia kwamba kwa lenzi ile sehemu inayotoka kali ni nyembamba kuliko ukucha. Ukisogea kidogo tu, jicho la mdudu limepotea, umebaki na mgongo. Kwa hiyo lenga jicho, maana mtazamaji akiliona jicho vizuri, mengine atayasamehe. Tena hakuna kuzungushazungusha lenzi. Unaegemeza viwiko juu ya kitu kisichoyumba, na kwa kazi hiyo shangazi alikuwa na kifuko cha kitambaa alichokijaza mchele. Unatoa pumzi nusu, unasogeza kiwiliwili mbele polepole, na picha unazipiga njiani, nyingi, ukijua kwamba katika ishirini utapata moja. Flashi nayo haipigwi kavu, kwa sababu itamfanya mdudu ang'ae kama sufuria mpya. Hapo akamwonyesha kipande cha kopo jeupe la maziwa alichokifunga mbele ya flashi kwa mpira, mwanga ukatoka mlaini kama wa dirishani.

"Na la mwisho, ambalo ndilo kubwa," alisema shangazi. "Mdudu wa mchana ana haraka kuliko wewe. Nenda alfajiri, kabla jua halijagusa majani. Mwili wake bado una baridi, hana nguvu za kuruka. Utamkuta ametulia na umande mgongoni."

Chiriku aliuliza kama hakuna njia nyingine, maana alfajiri na yeye hawakuwa wakiongea. Shangazi akasema ipo: angoje mpaka apatikane mdudu mvivu kama yeye.

Lango la shule halikuwa tatizo, kwa kuwa mzee wa bustani alilifungua saa kumi na moja na nusu ili amwagilie. Tatizo lilikuwa kitanda. Jumanne mama yake alimwamsha, akaitika "naam" vizuri kabisa, kisha akageukia ukutani. Jumatano aliamka, akakaa kitandani, akavaa soksi moja, na usingizi ukambembeleza hapohapo na soksi yake. Siku zote mbili alikwenda bustanini mchana, na siku zote mbili alirudi na moshi wa jikoni. Wakili hakumcheka. Alimwuliza tu, kwa heshima zote, kama nywele za miguuni zimeshahesabiwa. Swali hilo lilimchoma kuliko kicheko.

Jumatano jioni Chiriku alikuwa akifuta vumbi kwenye dirisha la nyuma la studio. Nyuma ya pazia, juu ya kizingiti, alimkuta mende mdogo mwekundu mwenye madoa meusi mgongoni, wa wale wa mviringo kama kifungo cha shati. Alimgusa. Alikuwa amekufa, mkavu, mwepesi kama ganda la mbegu. Chiriku akamtazama, na wazo likamjia kichwani kabla hajalikaribisha. Kwenye begi lake kulikuwa na jani la maharage lenye matundu, alilolichuma mchana ili amwonyeshe shangazi. Juu ya rafu kulikuwa na gundi ya kubandikia picha kwenye albamu.

Mbele, shangazi alikuwa na kazi yake. Wazazi wawili walikuwa wameleta mtoto mchanga apigwe picha ya pasipoti. Kila baba alipomwinua, mtoto alifumba macho; kila alipofumbua, alilia. Shangazi alikuwa akipiga makofi, akilia kama paka, akitikisa funguo. Hakuna aliyemwona Chiriku akichovya kijiti kwenye gundi.

Alimbandika mdudu ukingoni mwa tundu, kichwa kikielekea palipoliwa. Akaweka kamera juu ya kifuko cha mchele. Mdudu hakuruka. Hakugeuka. Chiriku alipata nafasi ya kuvuta pumzi, kuitoa, kujisogeza, kurudi, mpaka jicho lile dogo jeusi likatulia kwenye kioo. Alipiga kumi, na zote zilitoka kali. Akalikunja jani, akalitupa jalalani, akanawa mikono.

Wazazi na mtoto walipoondoka, alimwonyesha shangazi picha moja kwenye kioo kidogo cha kamera. Shangazi, jasho bado likimtiririka, alishika kiuno akafurahi. Alimwuliza ameipata lini. Chiriku akasema asubuhi, bustanini. Kisha akaizima kamera upesi.

Alhamisi ilikuwa siku yake. Mwalimu aliichapisha picha kwenye mashine ya shule, akaibandika ubaoni, kubwa kama daftari, na watoto wakasogea mpaka wakakanyagana. Mdudu mwekundu alionekana kama gari jipya, madoa yake saba yanahesabika, na kando yake tundu lenye kingo zilizoraruka. Hata Wakili alikubali. Alisema ushahidi upo na umevaa nguo nyekundu. Mwalimu alikunja uso kidogo, akasema ajabu, vitabu vyake vinamtaja mdudu huyo kwa mema, lakini picha ni picha, na pengine mengine hayajaandikwa. Mzee wa bustani aliitwa. Aliitazama picha, akatikisa kichwa kama mtu aliyedhulumiwa na ndugu.

"Hawa?" alisema. "Nawaona kila siku. Nilidhani ni pambo tu."

Akasema dawa iwekwe kando kwanza, kazi hii ni ya vidole. Mapumziko yale darasa zima liliingia matutani na makopo. Wadudu wekundu walikuwa wengi na hawakujua kukimbia. Watoto walikusanya zaidi ya mia moja, na mzee akawamimina kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Chiriku alishikwa mkono, akapigwa mgongoni, akaitwa mtaalamu. Alicheka na wenzake. Lakini alipopita karibu na ndoo, aliona wekundu ule umeelea juu ya povu, kicheko kikamkauka. Kumbe alikuwa hajui mdudu yule anakula nini. Hakuwa amemwona akila chochote. Alimkuta amekufa dirishani.

Jioni, shangazi alitaka kuipanua picha ile aitundike studio, wateja wamwone mpwa wake alivyo hodari. Akaifungua kwenye kompyuta, akaanza kuikuza. Macho ya shangazi yalikuwa yamezoea. Alimtambua mteja aliyelia usiku kabla ya kupigwa picha, na aliyeazima koti. Aliikuza mara mbili, mara nne, mara nane. Mkono wake ukasimama.

Alimwita Chiriku akae, akamwambia waisome picha pamoja.

"Niambie miguu yake iko wapi."

Chiriku akaangalia. Miguu ilikuwa imekunjwa chini ya tumbo, haikugusa jani. Juu ya mgongo kulikuwa na chembe za vumbi la dirishani na uzi mmoja wa buibui. Na chini ya tumbo, ikimeta kama tone la umande, ilionekana gundi. Kamera haikuficha kitu. Ukali ule aliouhangaikia ndio uliokuwa ukimsema sasa.

"Labda alikuwa amelala, Shangazi."

"Amelala, na buibui akamfunika shuka?"

Hakusema kwa ukali. Alizungusha kiti chake, akaanza kukunja kitambaa cha lenzi, akimpa mtoto nafasi. Kimya kilikaa mle ndani, na Chiriku, aliyekuwa hajui kukaa na kimya, alianza kulia. Akasema yote: kizingiti, gundi, jani, hata soksi moja ya Jumatano. Akasema na ya ndoo, ambayo shangazi hakuwa akiijua. Hapo shangazi aliinua uso, akaonekana ameumia kweli.

Alimfuta machozi kwa upande safi wa kitambaa. Alisema hatakwenda shuleni kumsemea. Mdomo uliosema ndio utakaorudi kusema. Ila kuna jambo wanaloweza kulifanya wawili. Kesho, Mungu akiwaamsha salama, wataingia bustanini mapema wamtafute mwizi wa kweli. Chiriku alilala saa mbili usiku bila kuambiwa. Saa kumi na moja alikuwa mlangoni mwa shangazi amevaa soksi zote mbili.

Alfajiri ilikuwa na ubaridi mzuri. Umande ulikuwa umelowesha kila jani, na bustani ilinuka udongo. Chiriku alifungua mdomo aanze kuongea, kisha akaufunga mwenyewe, kwa sababu kulikuwa na vitu vingi vya kutazama. Nyuki mmoja alikuwa amelala ndani ya ua, matone mbawani mwake kama shanga. Utando wa buibui ulikuwa umegeuka mkufu. Panzi yuleyule wa Jumatatu, au ndugu yake, alikaa juu ya kijiti hana habari, na Chiriku akampiga picha mpaka jichoni mwake akaiona mistari ambayo hakuwahi kujua kwamba ipo. Alitaka kucheka kwa sauti. Shangazi, aliyeshika flashi na kopo lake la maziwa, alitikisa mabega akijizuia.

Walilala chini kati ya tuta la tatu na la nne, wakaanza kugeuza majani, moja moja, wakitazama upande wa chini. Jani la kumi na kitu, Chiriku alishika mkono wa shangazi.

Kiwavi wa kijani, kijani kilekile cha jani, alikuwa amejinyoosha kando ya mshipa. Kichwa chake kilikuwa kikienda juu na chini, juu na chini, kama fundi anayekata kitambaa, na kwa kila mwendo ukingo wa jani ulipungua. Kando yake alikuwepo mwingine. Jani la jirani walikuwa watatu. Mchana kutwa walijificha udongoni kwenye shina, na ndiyo maana hakuna aliyewaona.

Chiriku aliweka kifuko cha mchele mahali pake, akaegemeza viwiko. Mdudu mrefu hivi si kama mende wa mviringo. Ukimlenga kwa mshazari, kichwa kitatoka kikali na mkia utazama kwenye ukungu. Shangazi alimnong'oneza aweke kamera sambamba na mgongo, na tundu la lenzi alibane kidogo, ili sehemu kali iongezeke. Akatoa pumzi nusu. Akajisogeza. Upepo ukaja, jani likacheza, akangoja. Upepo ukaondoka. Akapiga. Akapiga tena. Shingo ilimuuma, umande ulimpenya mpaka tumboni, na sisimizi akatembea juu ya sikio lake, lakini yeye hakutikisika. Picha ya ishirini na saba ilikuwa na jicho, meno, na kipande cha jani kikiwa bado mdomoni.

Juu ya shina lilelile aliona wekundu. Mmoja wa wenye madoa, aliyesalimika, alikuwa amezungukwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Alikuwa akiwala. Alimshika mmoja kwa miguu ya mbele, akamtafuna, akamfuata wa pili. Chiriku alipiga picha hiyo pia.

Mzee wa bustani alipita na mpira wa maji. Aliwatazama walivyolala, akasema wasikandamize miche. Chiriku akamwamkia. Alitaka kumwambia wakati uleule, ulimi ukawa mzito. Mzee akaenda zake.

Njiani kutoka studio kwenda darasani, picha mbili mpya zikiwa ndani ya bahasha, wazo lingine lilimjia. Angeweza kusema tu kwamba ameongeza upelelezi, na kwamba wezi ni wawili. Kiwavi angeshikwa, maharage yangepona, na hakuna ambaye angejua habari za gundi. Wazo lilikuwa tamu, likamsindikiza mpaka mlangoni. Lakini pale mlangoni alisimama mzee, kopo kubwa lenye kifuniko mkononi. Asubuhi ile wenzake walikuwa wamekusanya tena. Mzee alimweleza Mwalimu kwamba humu wamo kama themanini, wazima, anangoja maji ya sabuni yakolee tu. Kutoka ndani ya kopo ilisikika sauti ndogo ya kukwaruza, kama mtu anayeandika kwa kalamu isiyo na wino.

Chiriku akapiga moyo konde. Akaenda mbele ya darasa, akaibandua picha yake ubaoni.

"Mwalimu, huyu alikuwa amekufa," alisema. "Nilimwokota dirishani studio, nikambandika kwa gundi. Sikumwona akila. Niliwadanganya."

Masikio yalimwaka moto, lakini aliendelea. Alisema alishindwa kuamka, akaona haya kurudi mikono mitupu, na kwa ajili hiyo wadudu zaidi ya mia wamekufa bila kosa. Kisha akabandika picha mbili za alfajiri, akaeleza ya kwanza ni nani na ya pili ni nani, na kila mmoja anakula nini.

Wakili alisimama. Chiriku alijikaza angoje lolote litakalokuja.

"Na hizi za leo," Wakili aliuliza, "ushahidi uko wapi?"

Alijibu kwamba anazo picha arobaini kwenye kamera, zenye saa zake, mdudu akisogea hatua kwa hatua, na mfu hasogei. Halafu akamgeukia mzee, akamwomba aseme kama aliwaona. Mzee alikohoa. Alisema aliwaona, walikuwa wamelala chini kama magunia mawili, na lile dogo lilikuwa halitoi sauti, jambo lililomshangaza. Watoto wakacheka, na Wakili naye akacheka, akaketi. Alisema kwa upande wake kesi imekwisha.

Mwalimu alizitazama picha tatu moja baada ya nyingine. Alipozungumza, alizungumza na darasa zima.

"Picha yake ya kwanza ni kali na ni ya uongo. Ingekuwa na ukungu, tungeitilia shaka. Kwa kuwa ilikuwa nzuri, hata mimi niliviacha vitabu vyangu nikaiamini. Kwa hiyo sikilizeni, wanangu. Ukiwa na kipaji, watu watakuamini haraka, na hapo ndipo unapotakiwa kuwa mkweli zaidi. Mwenzenu amekosea, na kosa lake limeua. Lakini leo amesimama akasema mwenyewe, kabla ya kopo hilo kumwagwa. Hilo nalo mlione."

Akampa Chiriku kazi. Kila picha atakayoleta, chini yake ataandika siku, saa, mahali, na aliyekuwepo. Na kila alfajiri ya wiki ijayo atawaongoza wenzake wanne wanne matutani, awafundishe kulala chini, kutoa pumzi nusu, kugeuza majani, na kuwaokota viwavi kwa mkono. Mikono ikapanda kuomba zamu ya kwanza. Wakili aliomba awe mshika flashi. Chiriku akamwambia mshika flashi haruhusiwi kuuliza maswali, na Wakili akasema atajitahidi.

Mzee wa bustani hakuwa ameondoka. Alisogea mpaka ubaoni, akainamia picha ya kiwavi, pua yake karibu iguse karatasi, akamtazama jichoni. Kisha akaitazama ile ya mdudu mwekundu na vidukari vyake, muda mrefu zaidi.

"Anakula wangapi kwa siku?" aliuliza.

Chiriku alifungua mdomo ajibu. Akakumbuka kwamba hajui.

"Sijui, Mzee. Nilimwona akila wanne. Nitahesabu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akasikiliza mkwaruzo ndani ya kopo. Akakifungua kifuniko, akakitia mfukoni, akafunika mdomo wa kopo kwa kiganja chake kipana ili wasimwagike, na akatoka nje kuelekea matutani.